Unalia na Nani?

Wiki ya utamaduni ikikaribia, ukipita vimbwetani kuanzia magharibi utadhani chuo kimefiwa. Huyu anaugulia ukutani, yule amepiga magoti kwenye nyasi anamlilia mtoto asiyekuwepo, mwingine anafuta machozi kwa kitenge huku mkono wa pili umeshika simu anasoma mistari yake. Mgeni akiuliza kuna nini anaambiwa tulia, ni mazoezi.

Mwaka huu kikundi chetu kiliamua kila mtu asimame peke yake. Dakika 7, maneno ya mhusika mmoja kutoka tamthilia ya Kiswahili, basi. Hakuna ngoma ya kukuficha wala mwenzako wa kukudokeza ukisahau. Mimi nasoma ualimu, Kiswahili na Historia, mwaka wa tatu. Si mtu wa sanaa za maonyesho, lakini nilijiandikisha siku ya kwanza. Mwalimu naye husimama peke yake mbele ya watu, vipindi viwili mfululizo ni dakika 80, na hakuna anayempigia makofi akimaliza.

Nilichagua Kinjeketile. Watu wakacheka: msichana mwembamba kama wewe uwe mganga wa Maji Maji? Nikawaambia kwetu upande wa mama ni Rufiji, ng'ambo ya daraja la Mkapa, kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kumwigiza mzee yule basi ni mimi. Hapo utani ukaisha, kazi ikaanza.

Mwongozaji wetu ana kipaji, nasema hivyo bila kinyongo. Anajua mahali pa kukuweka jukwaani ili taa ikutendee haki, anajua sauti yako inapofia. Ila kwenye suala la hisia alikuwa na njia moja tu. Kila mmoja achukue karatasi, aandike siku mbaya kuliko zote maishani mwake, aikunje, aiweke mfukoni. Dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani unaifungua unaisoma. "Nataka ukweli," alikuwa anasema. "Mkilia, na watu watalia."

Na kweli walilia. Mwenzetu mmoja aliyepoteza mdogo wake alikuwa anamwaga machozi kila jioni saa 1:30, kama maji ya bomba siku ya mgao. Tulimshangilia. Wiki ya pili akaja akaniambia pembeni kwamba sasa akimkumbuka mdogo wake anaona kwanza taa za ukumbini, ndipo anaona sura ya mtoto. Sijui kama alimwambia mtu mwingine. Mazoezini aliendelea kuja.

Zamu yangu ilipofika mwongozaji hakuhangaika kuniuliza niandike nini. Alishasikia. "Si ulifiwa na bibi mwaka wa kwanza, katikati ya UE? Tumia hiyo."

Nikakataa. Nilikataa pale pale, bila kwenda kufikiri kwanza, na mpaka leo naona nilikuwa sahihi. Bibi yangu alizikwa alasiri, kama ilivyo kwetu Waislamu, na mimi niliingia kijijini saa 3 usiku nikiwa bado na kalamu za mtihani mfukoni. Sikumwona, sikutupa hata konzi ya udongo. Hiyo ni shughuli kati yangu na yeye, na bado hatujaimaliza. Siwezi kuichukua nikaenda kuikamulia jukwaani kwa ajili ya maneno ya mtu mwingine. Nilimwambia mwongozaji, bibi yangu si kitunguu.

Akanuna. Akasema basi nitafute njia yangu, akanipa wiki mbili, nisipopata nafasi anampa mwingine.

Kwa haki yake, njia ile hakuibuni yeye. Tunafundishwa kwamba Stanislavski, yule Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863 na kuanzisha na mwenzake ukumbi wao wa Moscow mwaka 1898, aliandika kuhusu kumbukumbu za hisia: mwigizaji anachimba yaliyomkuta mwenyewe ili apate chakula cha kumlisha mhusika. Wanaokariri noti huishia hapo. Ukiendelea mbele unakuta mzee yule yule, miaka yake ya mwisho, ameweka uzito kwingine: mhusika anataka nini, na anafanya nini ili akipate. Kabla yake kuna Mfaransa, Diderot, ambaye kitabu chake kilikuja kuchapwa mwaka 1830, miaka mingi baada ya kifo chake, na yeye alishikilia kwamba mwigizaji mkubwa hahisi kitu wakati anatuliza watu. Ubaridi wake ndio ustadi wake. Nilivisoma vyote viwili maktaba nikiwa na haraka ya mtu anayetafuta dawa. Diderot alinifurahisha lakini hakunisaidia. Ubaridi nilikuwa nao tayari, tena wa kutosha.

Maana hali yangu ilikuwa mbaya. Nilikuwa nasema maneno ya Kinjeketile kama mtoto wa darasa la nne kwenye ngonjera. Mnajua ile: ukitaja moyo mkono kifuani, ukitaja Mungu kidole juu, ukitaja adui unarusha ngumi. Nilipojaribu kuongeza uchungu, sauti ikaanza kutetemeka yenyewe kwa makusudi, macho yakafumba, na rafiki yangu aliyekuwa ananirekodi akasema naonekana kama mtu anayetafuta chafya.

Kitu kimoja nilikiona kwenye video zile. Mtu mwenye uchungu wa kweli hupigana na kilio. Anameza mate, anarekebisha mtandio, anauliza kama wageni wamepata chai. Kilio kinamkimbiza, yeye anakimbia. Sisi jukwaani tulikuwa tunafanya kinyume, sisi ndio tunakikimbiza kilio, na chenyewe kinajua kukimbia.

Kilichonifungua macho ni mama mkubwa.

Huyu ni dada wa mama, na katika ukoo wetu hakuna msiba unaoitwa msiba kabla hajafika. Anapanda basi Mbagala. Njiani ananunua korosho, anabishana na kondakta nauli, anacheka na abiria wa kiti cha jirani mpaka wanapeana namba za simu. Akishuka anatembea kimya. Halafu akifika pale kwenye mwembe, hatua chache kabla ya uwanja wa nyumba, anapaza sauti. Si kelele tupu. Anamwita marehemu kwa jina lake la utotoni, anamuuliza: ule mkeka ulioniahidi, nani atanimalizia? Ulisema unanisubiri mpaka mavuno, umeona haraka ya nini? Ustadhi atatoka kuwakanya wanawake kwamba si vizuri kumpigia maiti makelele, naye atashusha sauti kwa heshima. Maswali hayaishi.

Tulipokuwa wadogo binamu yangu mmoja alisema mama mkubwa ni msanii tu, kwenye basi alikuwa anacheka. Bibi, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Akamwambia, "Mwenzio analia na mtu wake. Wewe ulivyokuwa unalia jana ulikuwa unalia na nani?"

Nililikumbuka swali lile usiku mmoja hosteli, nimelala, feni imegoma. Nikaamka nikakaa kitandani. Kiswahili chetu hakina kulia tu. Kina kulia na mtu. Nalia na wewe: wewe ndiye mwenye deni langu, wewe ndiye unayetakiwa kunijibu. Watu hulia na Mungu, na serikali, na mume, na mvua. Mama mkubwa hakuwa akitafuta hisia pale kwenye mwembe. Alikuwa na madai, na mdaiwa amelala ndani. Machozi yalikuja kwa sababu anauliza na hajibiwi.

Basi Kinjeketile analia na nani?

Nilirudi kwenye kitabu. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia hii mwaka 1969, na mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa jukwaani, tusimchanganye moja kwa moja na yule wa historia. Kwenye tamthilia mzee amewapa watu maji na amewapa neno la umoja. Watu wamelipokea, limewaunganisha waliokuwa hawaelewani. Yeye anataka wasubiri, wajiandae. Wao hawataki tena kusubiri, kwa sababu wameamini risasi zitageuka maji. Ndipo anakuta lile neno alilolitoa mwenyewe limekua, limemzidi nguvu, halimsikilizi tena. Sehemu hiyo ndiyo niliyokuwa nayo.

Wengi huisema kama mtu anayejihurumia, wanaangalia sakafu. Mimi mwenyewe nilikuwa naisema nikiangalia sakafu, kwa kuwa tumezoeshwa kwamba mtu akiwa peke yake jukwaani basi anaongea na nafsi yake. Lakini nani huongea na nafsi yake kwa dakika 7? Hata mtu anayeropoka peke yake njiani ana anayemgombeza. Nikajaribu kumwelekezea pepo Hongo maneno yale. Yakawa hasira, yakasikika vizuri kidogo. Nikajaribu kuwaelekezea Wajerumani, yakawa hotuba ya Mei Mosi. Siku tano zikaisha hivyo.

Nikasoma tena historia, maana ni somo langu. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza. Kule Matumbi pamba zilikuwa zimeng'olewa mwishoni mwa Julai. Vikaendelea mpaka 1907, vikafika Ungoni, vikala watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Yaani mtu kafa mwezi wa kwanza, neno limetembea miaka miwili bila yeye. Nilikuwa nazijua tarehe hizi tangu Kidato cha Tatu, nilizijibia mtihani nikapata zote. Safari hii nilizitazama nikawaza wale watu mmoja mmoja. Mtu wa kijiji cha mbali, hajawahi kumwona Kinjeketile, amepakwa maji kifuani, anasimama mbele ya bunduki. Akigeuka kuuliza, atamuuliza nani?

Na hapo, bila kupenda, nikamwona mtu ninayemjua.

Mwaka jana Julai na Agosti nilikuwa mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata wilaya ya Mkuranga. Nilipewa Kidato cha Pili, wanafunzi 74, madawati 30. Siku ya kwanza nikawaandikia ubaoni kabla hata ya jina langu: Soma, utafika. Ni maneno ya kawaida, kila mwalimu ana yake. Hawa wakayashika. Wiki ya pili wakawa wanasalimiana nayo, huyu anasema soma, yule anaitikia utafika. Wiki ya nne mkuu wa shule akayasema mstarini. Mtu akayaandika kwa mkaa ukutani kwenye choo cha wavulana, na mwalimu wa zamu badala ya kuyafuta akasema yaacheni, hayo ni mazuri.

Dawati la pili alikuwepo msichana aliyekuwa anauza karanga stendi kila jioni na mama yake. Akaacha kuuza. Nilipomuuliza akasema mama ameona bora yeye auze peke yake mpaka usiku, ili mtoto apate muda wa kusoma, kwa sababu mwalimu wa chuo kikuu amesema atafika. Siku ninaondoka alinisindikiza mpaka barabarani amebeba begi langu kichwani. Gari lilipopunguza mwendo akaniuliza, "Mwalimu, nikishafika, nikutafute wapi?"

Nikamwandikia namba ya simu kwenye jalada la daftari. Nikapanda.

Dada mmoja niliyekuwa nakaa naye chumba mwaka wa kwanza alimaliza kozi hii hii ninayosoma, kwa alama nzuri kunishinda. Anauza vitenge Mbagala Rangi Tatu. Vyeti viko kwenye bahasha ya plastiki juu ya kabati, na kila ajira zikitangazwa anaomba. Nani kati yetu wa ualimu hana wa kwake wa hivyo? Hatuliongelei sana vimbwetani, tunaongelea bumu limechelewa.

Sijutii kuyaandika maneno yale ubaoni. Nikirudi kesho nitayaandika tena, kwa sababu huwezi kusimama mbele ya watoto 74 ukawaambia msisome. Kinjeketile naye mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Wanafunzi wa fasihi hubishana sana kama alikataa kwa ushujaa au kwa kiburi. Mimi naona alikataa kama mtu aliyeshaona walioamini wako wapi, na kwamba neno lao halikuwa tena lake kulifuta.

Kesho yake mazoezini niliinua macho nikaangalia juu ya mlango wa nyuma wa ukumbi, urefu wa mtu aliyesimama amebeba begi kichwani. Nikamwambia yeye. Sikujaribu kuhisi chochote. Nilikuwa nataka kitu kimoja: asiondoke kabla sijamaliza kueleza. Sauti ikashuka yenyewe. Mikono sikujua imekwenda wapi, rafiki yangu anasema ilikuwa imeshika upindo wa kanga. Mahali fulani katikati nikacheka, kicheko kidogo cha aibu ambacho hakikuwa kwenye mpango, kwa sababu ghafla niliona jinsi lilivyo jambo la ajabu, mtu mzima kutishwa na neno lake mwenyewe. Kilichonipata kilikuwa hofu. Huzuni ilikuwepo ila nyuma, imekaa kimya.

Mtu atasema, si ni yale yale ya karatasi mfukoni? Umekataa bibi, umechukua mwanafunzi. Nimeliwaza hilo. Tofauti naiona hapa: karatasi inakurudisha kwenye jambo lililokwisha ili uchote machozi yake, halafu unayamwaga kwenye maneno yoyote yale, yawe ya Kinjeketile au ya tangazo la sabuni. Mimi sikuchota kitu. Nilileta mtu wa kuambiwa, na maneno yenyewe ya Hussein ndiyo yaliyofanya kazi, kwa sababu ni maneno ambayo nina haja ya kumwambia mtu huyo na siwezi kumwambia kwa simu. Yangekuwa maneno mengine, angehitajika mtu mwingine. Na huyu wangu yuko hai, anaweza kunijibu. Pengine ndiyo maana hakuchakaa.

Usiku wa kwanza ukumbi ulijaa. Mtoto wa mhadhiri mmoja alilia dakika ya pili akatolewa nje. Jenereta la jirani likawaka, nikalazimika kungoja, na hata kule kungoja kukawa sehemu ya mazungumzo, kama vile tumekatizwa na lori likipita barabarani. Nilipomaliza watu walikaa kidogo kabla ya kupiga makofi. Mwongozaji akanikuta nyuma ya pazia. "Imekwenda," akasema. "Ila hujalia."

"Sikulia," nikamwambia.

Akanitazama, akaenda kumwandaa anayefuata. Nadhani mpaka leo hajaamua kama anipongeze.

Usiku wa pili ulikuwa tofauti. Hofu haikuja mapema, ikaja kitu kama ukali, nikajikuta namsemesha yule msichana kama ninavyomsemesha anapochelewa kuingia darasani. Sikukirudisha cha jana. Nilimwangalia, nikaendelea kueleza.

Watu walipotoka nilibaki kukunja kanga. Mama anayefagia ukumbi alikuwa ameketi mstari wa nyuma kabisa karibu na mlango, fagio mapajani; kumbe alikuwa pale siku zote mbili. Akaniuliza, "Mwanangu, yule uliyekuwa unamwambia huku juu yangu ni nani?"

"Mwanafunzi wangu, mama."

"Yuko wapi?"

"Mkuranga. Sasa hivi yuko Kidato cha Tatu."

"Amekupigia?"

Nikamwambia bado. Akainuka, akaanza kufagia upande wa kushoto, na mimi nikamsaidia kupanga viti.